Ukipita Wisconsin, tenga hela ya mlo mmoja wa maana

Mbukwenyi wote wa Dodoma na mlio mbali. Wiki iliyopita binti wa mama mdogo alikuja nyumbani Nkuhungu na habari njema, kapata nafasi ya masomo Wisconsin kule Marekani, na tulipomaliza kuongea mambo ya viza na makoti ya baridi akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa, "Dada, hivi kule nikitaka kula sehemu nzuri kweli, ile ya kuvaa nikapendeza, niende wapi?" Nilifurahi mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Maana kila mtu anayesafiri huwa ananiuliza wapi kuna chakula cha bei rahisi, wapi kuna mchele, wapi kuna duka la Waafrika, na ni maswali ya msingi, siyadharau, ila hakuna aliyewahi kuniuliza hili.

Kiukweli sisi wengi tukipata safari ya nje na posho kidogo tunabana mpaka mwisho. Unakula mkate na mayai asubuhi, mchana mkate na mayai, jioni baga moja mnagawana wawili, unarudi na hela ya kumalizia bati za nyumba. Sawa, bati ni muhimu. Lakini umekaa nchi ya watu wiki 6 na hujui chakula chao kikipikwa na mtu anayejua kupika kinakuwaje. Mi nilifanya hivyo safari yangu ya kwanza nchi nyingine huko na mpaka leo inaniuma, kwa hiyo nilipoenda Wisconsin kwa kozi ya usindikaji wa maziwa niliamua mapema, kila wiki naweka pembeni dola kadhaa kwenye bahasha, na bahasha ile ni ya kula tu, haiguswi kwa simu wala viatu.

Kwa wasiojua, Wisconsin iko juu ya Illinois, ile yenye Chicago, na upande wa mashariki wana Ziwa Michigan ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, kama vile unavyosimama Mwanza. Ni jimbo la ng'ombe wa maziwa, hadi kwenye vibao vya namba za magari wameandika kwamba wao ndio nchi ya maziwa ya Marekani, na karibu robo ya jibini yote ya Marekani inatengenezwa pale. Mtu wa Dodoma aliyekulia kwenye zizi akishuka pale akasikia harufu ya majani na samadi ya ng'ombe hawezi kujiona mgeni sana. Makao makuu ya jimbo ni Madison, mji uko katikati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, na katikati ya mji kabisa kuna jengo la bunge la jimbo lenye kuba kubwa jeupe lililokamilika mwaka 1917. Yaani mji wa bunge kama wetu, wabunge, watumishi wa serikali na wanafunzi wa chuo kikuu wamejazana sehemu moja.

Sasa nianze na soko, maana ukitaka kuelewa migahawa ya kule usianzie mgahawani. Kila Jumamosi asubuhi, kuanzia mwezi wa nne mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, wakulima wanazunguka lile jengo la bunge pande zote nne na meza zao, soko limeanza mwaka 1972, na sheria yao ni moja ngumu, anayeuza lazima awe ndiye aliyelima au aliyetengeneza mwenyewe, na iwe ndani ya Wisconsin. Hakuna dalali. Hakuna mtu aliyenunua jumla akaja kupanga. Ukiuliza nyanya hii imekaa siku ngapi anakujibu yeye aliyeichuma. Watu wanatembea wote kuelekea upande mmoja kama wanatufu vile, taratibu, na ukifika kona ya watu wa jibini wanakupa uonje vipande vibichi vidogo vidogo ambavyo ukitafuna vinalia kii kii kwenye meno, hiyo ndiyo dalili kwamba ni ya siku hiyo hiyo au ya jana, ikikaa sana sauti inakufa. Mi nafanya kazi ya maziwa na sikuwahi kulijua hilo, nilisimama pale natafuna kama mtoto.

Na hatua chache tu kutoka hapo, mtaa ule ule unaozunguka bunge, ndipo ulipo L'Etoile. Jina ni la Kifaransa, maana yake nyota. Aliuanzisha mwanamke anaitwa Odessa Piper mwaka 1976, enzi ambazo mgahawa wa bei mbaya Marekani ulijisifu kwa vitu vilivyoletwa na ndege kutoka mbali, yeye akasema hapana, napika kinachotoka hapa, akawa anavuka barabara na kwenda kununua kwa wale wale wakulima. Na Wisconsin miezi ya baridi ardhi inaganda kabisa jamani, hulimi kitu, ikabidi wahifadhi viazi, karoti, matufaha na vitu vya kwenye makopo waliyofunga wenyewe, kama bibi zetu walivyokausha mlenda na maboga kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 2001 Piper akapata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa ukanda ule, tuzo ambayo wapishi wa Marekani wanaiheshimu kuliko zote. Mwaka 2005 mgahawa ukachukuliwa na Tory Miller pamoja na dada yake, kijana aliyezaliwa Korea akalelewa Wisconsin, na yeye akapata tuzo hiyo hiyo mwaka 2012. Mgahawa mmoja, mikono miwili, wote wameheshimiwa, na soko ni lile lile.

Nilienda Jumamosi jioni, makusudi, kwa sababu asubuhi yake nilikuwa sokoni na nilitaka nione vitu vinavyofika mezani. Nilivaa kitenge changu cha kushona na viatu vya kufunika, sikuona mtu akinishangaa, wengine walikuwa na suti wengine shati safi tu, kwa hiyo usiogope ile habari ya mavazi, uwe nadhifu inatosha. Mle ndani kulikuwa na utulivu, dirishani unaliona kuba la bunge limewashwa taa. Chakula kinakuja kidogo kidogo, sahani moja inaondoka inakuja nyingine, na kila ikiletwa mhudumu anasimama anakueleza hiki kimetoka shamba fulani, hii jibini ni ya familia fulani, hizi karoti ni za fulani. Majina ya wakulima. Yameandikwa. Kwenye karatasi ya menyu ya mgahawa wa gharama ile, jina la mkulima liko pale kama jina la mpishi.

Hapo ndipo niliponyamaza. Yule kaka wa Iringa niliyekuwa naye kwenye kozi akaniuliza vipi dada, chakula hakijakaa sawa? Nikamwambia kimekaa sawa sana, ila namfikiria mzee wangu wa Hombolo mwenye zabibu, miaka yote anauza kreti na hakuna chupa hata moja wala glasi ya juisi hapa mjini Dodoma ambayo mtu akinywa anaambiwa hii ni ya mzee fulani wa Hombolo. Kaka yule naye akaanza kuongelea viazi vya Njombe. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili na nusu na hakuna aliyetufukuza.

Bei nisiwafiche. Mlo ule wa sahani nyingi ni zaidi ya dola 100 kwa mtu, yaani laki mbili na nusu na kuendelea, kabla hujaongeza kinywaji. Halafu juu yake kuna kodi, ya jimbo ni asilimia 5 na wilaya nyingi zinaongeza kidogo, na bei ya kwenye menyu haijaijumuisha, tofauti na kwetu. Halafu kuna bakshishi, na hii ndugu zangu naomba mnielewe vizuri, kule si hiari kama tunavyochukulia sisi, mhudumu mshahara wake umetegemea pale, wenyeji wanaacha kati ya asilimia 18 na 20 ya bili. Ukihesabu dola 100 weka kichwani 125. Kama huna ya bakshishi basi huna ya kula pale, subiri wiki nyingine bahasha ijae. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wetu wakiacha dola mbili kwenye bili ya dola 80 na kutoka wakicheka, yule dada aliyewahudumia nilimuona uso wake, haikunipendeza.

Na buking, fanyeni mapema, wiki mbili tatu kabla, mtandaoni, sehemu nyingi wanataka namba ya kadi na usipotokea wanakukata hela. Mimi kuna sehemu moja, siitaji, kadi yangu ya benki ya nyumbani ilikataa siku ya buking, nikapiga simu, aliyepokea akasema njoo tu, nikapanda basi saa nzima nikafika nikaambiwa mlangoni jina halipo na meza zimejaa. Nilirudi hosteli na njaa yangu na nguo yangu nzuri. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nikawa naomba waniandikie barua pepe ya kuthibitisha, na nyie fanyeni hivyo.

Madison hapo hapo kuna mwingine uliofunguliwa 2021, unaitwa The Harvey House, uko nyuma ya stesheni ya zamani ya treni. Jina limetokana na migahawa ya Fred Harvey, bwana wa karne ya 19 aliyewalisha abiria wa treni Marekani kwa chakula kizuri na meza safi wakati wengine walikuwa wanawauzia vitu vya hovyo. Mtu wa Dodoma ukikaa pale huwezi kuacha kufikiria stesheni yetu ya zamani na ile hoteli ya kizamani iliyo karibu nayo, enzi za Wajerumani na Waingereza abiria wa reli ya kati walikuwa wanalala na kula pale. Sasa hivi tuna SGR, mtu anatoka Dar asubuhi anafika Dodoma hajachoka, anashuka na njaa, na pale stesheni mpya ningetamani kuna mtu amfikirie kwa kuku wa kienyeji wa Singida kwenye sahani ya maana. Ila nitarudi huko siku nyingine, nikianza hilo sitamaliza.

Haya twende Milwaukee. Ni mji mkubwa kuliko yote Wisconsin, uko ufukweni mwa Ziwa Michigan, kutoka Madison ni kama kilomita 130, basi zipo, na ukitokea Chicago kuna treni ya kama saa moja na nusu hivi. Pale nilikula Sanford, na nikilazimishwa kuchagua moja tu katika jimbo zima naichagua hii. L'Etoile ilinifundisha kitu lakini Sanford ilinigusa. Ni sehemu ndogo, nyumba ya kawaida mtaani, unaweza kuipita. Jengo lile lilikuwa duka la vyakula la familia ya D'Amato, Waitaliano, babu na baba waliuza pale, halafu mtoto, Sanford D'Amato mwenyewe, akasomea upishi akaenda kupika New York, akarudi na mkewe wakageuza duka la familia kuwa mgahawa mwaka 1989. Hebu fikirieni, una elimu yote ile, unarudi kupika kwenye chumba ulichokuwa unapanga makopo na baba yako. Mwaka 2012 alipotaka kupumzika hakuuza kwa kampuni kubwa, alimwachia Justin Aprahamian, kijana aliyekuwa akifanya kazi jikoni mle mle, na miaka miwili baadaye kijana naye akachukua tuzo ya James Beard ya ukanda ule. Mzee kakabidhi, kijana hajaangusha.

Huduma yao ndiyo imebaki moyoni. Niliwaambia mapema mimi na mwenzangu kuna mmoja hali nguruwe, wakaiandika, na tulipofika hatukulazimika kurudia, kila sahani mhudumu anasema kwa sauti ya chini tu hii yako haina. Waislamu mnaosafiri, semeni wakati wa buking, kule hawaoni ni usumbufu, ila msiache mpaka mfike mezani, na mchuzi ulizieni pia maana wanapenda kutia mafuta ya nguruwe au divai mahali usipotegemea.

Sasa si kila sehemu nzuri lazima iwe na kitambaa cheupe na sahani ndogo. Wisconsin wana kitu chao kinaitwa sapa klabu, usidhani ni klabu ya muziki, ni mgahawa wa jioni, mara nyingi nje ya mji, karibu na ziwa au msituni, taa hafifu, watu wazima na wajukuu zao, unakaa kwanza baa unakunywa taratibu halafu ndiyo unaitwa mezani. Kinywaji chao ni brandi iliyochanganywa na sukari, chungwa na soda, mi pombe kali sitaki lakini nilionja ya mwenzangu, tamu sana, na sehemu nyingine za Marekani kinywaji hicho wanaweka wiski, brandi ni ya Wisconsin. Unaletewa sahani ya mboga mbichi na achali na jibini ya kupaka kabla hujaagiza chochote. Jumamosi ni mnofu mkubwa wa mbavu za ng'ombe uliookwa taratibu, Ijumaa ni samaki wa kukaanga, na hiyo Ijumaa ina historia, wahamiaji Wakatoliki Wajerumani na Wapolandi hawakula nyama siku hiyo, dini ikageuka desturi ya jimbo zima, sasa hata asiyesali anakula samaki Ijumaa, na mkate mweusi na kabichi na viazi pembeni. Sisi wa parokia za Dodoma tunaofunga Ijumaa za Kwaresima kwa dagaa tutaelewana nao haraka.

Katika hizo nenda Ishnala, iko karibu na Wisconsin Dells, juu ya ziwa dogo linaloitwa Mirror Lake, ipo tangu 1953, na misonobari hawakuikata, imepita katikati ya jengo ikatokea juu ya paa. Nenda mapema kabla jua halijazama. Miezi ya baridi wanafunga. Usafiri ndio mgumu, bila mtu mwenye gari hufiki, sisi tulibebwa na mama mmoja mwenyeji wa kanisani na tukamlipia chakula chake, tukaona ni haki.

Kohler nitaitaja kwa kifupi kwa sababu nilikula mara moja tu na ilikuwa mchana, nikiwa kwenye safari nyingine. Ni kijiji kama saa moja kaskazini mwa Milwaukee, cha kampuni ya masinki na mabafu yenye jina hilo. Hoteli yao, The American Club, ilijengwa 1918 kuwa bweni la wafanyakazi wahamiaji wa kiwanda, leo ni hoteli ya kifahari na mgahawa wake mkubwa wameuita The Immigrant, yaani mhamiaji, vyumba vyake vimepambwa kwa kumbukumbu ya nchi walizotoka wale vibarua. Bei zake ni kali. Ila wazo la kwamba chumba cha gharama kimebeba jina la kibarua nimelipenda sana.

Na kabla hujaondoka Wisconsin, hata kama bahasha imekwisha, ingia duka la jibini uombe kuonja Pleasant Ridge Reserve. Inatengenezwa karibu na Dodgeville, na wanaitengeneza pale tu ng'ombe wanapokula majani mabichi malishoni, baridi ikianza wanaacha. Imeshinda mashindano makubwa ya jibini za Marekani mara tatu, 2001, 2005 na 2010. Nilinunua kipande nikaja nacho mpaka huku, mama akaonja akafunga macho, akasema, "Mwanangu, hii ina harufu ya maziwa ya masika." Mama hajasoma usindikaji hata siku moja, kala tu, na kapatia. Kwa sababu ndivyo ilivyo, hata ng'ombe wetu wa Kongwa masika maziwa yake yana ladha nyingine kabisa na ya kiangazi, wafugaji wote wanajua, ila tunayachanganya yote kwenye pipa moja na kuyauza kwa bei moja. Tangu nirudi nimeanza kuandika kwenye ndoo maziwa yametoka kwa nani na mwezi gani. Wenzangu kazini walianza kwa kushangaa, sasa wafugaji wenyewe wanakuja kuuliza ndoo yao imepata alama gani.

Basi mdogo wangu kaandika yote kwenye daftari, kapigia mstari Sanford mara mbili, na mama kamwongezea shilingi elfu hamsini ya kuanzia bahasha. Anaondoka mwishoni mwa mwezi wa nane, kwa hiyo soko atalikuta bado lina nyanya na mahindi mabichi, ana Jumamosi kama kumi hivi kabla halijafunga. Nimemwambia Jumamosi ya kwanza asilale, awe pale saa moja na nusu asubuhi, anipigie video, kwetu itakuwa saa tisa na nusu alasiri nitakuwa nimeshatoka kazini, nataka nione kama yule mama wa karoti bado anakaa kona ile ile.